Kadi Niliyoisoma kwa Sauti

Vijana mliobaki pale ofisini mmeniomba niandike namna nilivyofanya kazi, ili wanaoingia sasa wasianze kwa kupapasa. Nimekubali kwa sababu kisingizio changu cha kukosa nafasi kimekwisha. Tangu nistaafu, asubuhi zangu hapa Mtinko ni za kuku na vitunguu, na hao hawaombi ushauri. Habari za vyeo na mshahara sitaziandika. Vyote vilikuja kwa kuchelewa na faili langu linaeleza hayo vizuri kuliko mimi. Nitaandika kuhusu watu, vitendea kazi, mzee aliyenifundisha, na kosa moja ambalo hamtalikuta kwenye faili lolote.

Mimi nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima. Soko huria lilipoingia, Singida tulilionja kwa pande mbili. Madukani vitu vilijaa ghafla, sabuni za kila rangi na mitumba ya kila saizi, na papo hapo watu wakaanza kutolewa kazini. Kinu cha kuchambua pamba kilifungwa. Relini walipunguzwa, maofisini walipunguzwa, na wote hao wakapata jina moja jipya, wapunguzwa. Ikaamuliwa ianzishwe kozi ya kuwasaidia kubadilisha kazi, kila mtu atambue nguvu aliyonayo ndani yake na aitumie kwingine. Akatafutwa mtu anayeweza kukaa na watu wazima wenye hasira bila yeye mwenyewe kukasirika. Sijui nani aliwadanganya kwamba mtu huyo ni mimi.

Tulipewa jengo lililokuwa duka la ushirika enzi za foleni. Rafu zilikuwa tupu lakini vibandiko vilibaki, vimeandikwa kwa mkono: SUKARI, SABUNI, VIBERITI. Siku ya kwanza nilifika saa moja na nusu nikakuta watu tisa ndani. Hakuna aliyewaambia wapange mstari, lakini walikuwa wamejipanga ukutani mmoja nyuma ya mwingine, kimya, na wa mbele anaitazama kaunta tupu. Upepo ulikuwa unapita kwenye rafu. Niliwaambia karibuni mkae, hakuna aliyesogea. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, ndipo yule wa mbele akageuka na kuniuliza kama leo ipo. Nilitaka kumwuliza ipo nini, nikaona aibu, nikamwambia ndiyo, ipo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kinota, aliyekuwa afisa utumishi kwa miaka mingi na ambaye alipunguzwa kabla ya wale aliowaajiri. Aliazimwa kwangu kwa miezi mitatu, akakaa miaka miwili. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutoa meza. Alisema meza inamfanya mtu aanze kuomba. Badala yake akaleta benchi refu la mninga, ili mimi na mpunguzwa tukae ubavu kwa ubavu, wote tukitazama ukuta. Ukimkodolea mtu macho, alisema, atakueleza anachodhani unataka kusikia. Vitendea kazi vyetu vilikuwa hilo benchi, daftari la kaunta lenye jalada gumu, na swali moja.

Swali lenyewe liko hivi, na liandikeni. Msimwulize mtu anaweza nini, kwa sababu atawatajia kazi aliyofukuzwa. Mwulizeni ni jambo gani wenzake wakilifanya vibaya linamkera mpaka anatamani kuwapokonya. Hapo ndipo nguvu yake ilipo. Karani mmoja wa masjala alituambia hawezi kuvumilia karatasi iliyokunjwa upande. Leo nusu ya sare za shule za mjini zimepita kwenye cherehani yake.

Lakini kazi hii ina upande mwingine ambao Mzee Kinota hakuniambia mapema. Ukichimba sana ndani ya mtu unaweza kukuta kitu ambacho hukukitafuta. Nilianza kulijua hilo kwa Mzee Selemani, aliyekuwa mpiga king'ora wa kinu cha pamba. Tulikuwa benchini tunaongea habari za mbuzi wake, akanyanyua mkono wa kulia, akavuta kitu hewani kuelekea chini, akaendelea na habari za mbuzi. Nikatazama saa. Ilikuwa saa nne kamili, saa ya chai kinuni. Nilipomwuliza alikuwa anavuta nini, alinishangaa. Hakujua kama amevuta kitu.

Kesho yake nilitoka barazani saa nne kasoro kidogo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na wanaume watatu waliowahi kufanya kazi kinuni, mmoja anatengeneza baiskeli, mwingine amekaa mlangoni kwake, wa tatu anapukuchua mahindi na mkewe. Ilipofika saa nne wote watatu walisimama. Wakajikung'uta mikono, wakabaki wamesimama hawajui waende wapi, kisha mmoja mmoja akakaa. King'ora kilikuwa kimeshauzwa kama chuma chakavu miezi kadhaa nyuma. Nilimkimbilia Mzee Kinota, naye akaniambia niache kuogopa, niandike. Tukaandika kwamba Selemani ana saa mwilini, na yeye na mkewe wakaanza kuoka mikate kwenye tanuri la udongo. Sijawahi kusikia mtu akisema mkate wa Selemani umeungua.

Mambo kama hayo yalinipa kiburi. Mzee Kinota alipopumzika kazi kabisa nilibaki peke yangu, na nikaongeza jambo langu mwenyewe kwenye kozi. Nililiita siku ya kutajana. Siku ya mwisho kila mpunguzwa alisimama mbele ya wenzake, mimi nikasoma kwa sauti kadi yake, nimeandika nguvu yake kwa maneno machache, na darasa zima likampigia makofi ya kilo. Watu walilia siku hizo. Mwanamume wa miaka hamsini, ambaye karatasi ya mwisho aliyosomewa ilikuwa barua ya kupunguzwa, anasikia mbele za watu kwamba ana kitu. Wengine walikataa kusomewa kwa haya, nami niliwasomea hivyo hivyo, na baadaye walinishukuru. Nikajifunza kwamba anayekataa ndiye anayehitaji zaidi. Niliamini hivyo kabisa.

Bi Hadija Ntandu alikuja katika kundi la watu kumi na wawili. Alikuwa operata wa simu, wale waliokaa kwenye suichibodi na kuwaunganisha watu kwa kuchomeka waya. Uliletwa mtambo mpya unaounganisha wenyewe, na wao wakarudishwa nyumbani. Alikuwa mwanamke mwembamba wa kitenge safi, ananizidi umri kwa miaka kama kumi, na aliketi mwisho wa benchi akiwa amenigeuzia sikio la kushoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasogeza lile sikio kidogo.

Kisha akasema, taratibu tu, "Wewe ndiye uliyepiga simu Manyoni mama yenu alipokuwa anaumwa. Ulimwambia kaka yako asisumbuke kuja mpaka Jumatatu."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa imepita miaka sita, na ilikuwa simu moja. Kaka yangu alikuja Jumatatu na hakumkuta mama. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba ni mimi niliyemchelewesha. Nikabaki natazama ukuta, nikashukuru kwamba tulikuwa tumekaa ubavu kwa ubavu. Bi Hadija hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananitambulisha, kama mtu anavyosema ulisoma na mdogo wangu.

Nilimwuliza lile swali la Mzee Kinota. Akajibu kwamba kinachomkera ni mtu kuanza kusema kabla mwenzake hajamaliza kupumua. Nikajua nimepata kitu, nikachimba. Siku ya pili na ya tatu akanieleza kidogo kidogo. Sauti ya mtu, alisema, ina sakafu. Mtu anaweza kucheka, kufoka, kukohoa, na chini ya yote hayo sakafu ipo. Kwa baadhi ya watu ilikuwa inaanza kubanduka na kutoka, na alishajifunza kwamba watu hao ni wagonjwa hata kama wao wenyewe hawajui. Alisema pia kwamba huwa anapita nje ya chumba cha mtambo mpya, kimefungwa kufuli na hakuna mtu ndani, na anausikia ukigonga gonga peke yake. Unawaunganisha watu mchana kutwa, alisema, na hakuna anayewasikiliza.

Nilifurahi, lazima nikiri. Niliona hospitali ikimchukua, zahanati zikimgombania. Nilikata kadi yake kwenye jalada zuri kuliko mengine.

Kwenye kundi hilo alikuwamo Petro, wa mtaa mmoja na Bi Hadija, mtunza stoo wa zamani wa kinu cha pamba, mtu mnene wa maneno na vicheko. Alikuwa amepanga kukamua alizeti na tayari alikuwa ameshaahidi mafuta kwa darasa zima. Mkewe, Mama Neema, alikuwa akimletea uji saa za mapumziko, na Petro alipenda kuunywa akiwa amesimama huku anasimulia. Bila Petro kozi ile ingekuwa matanga.

Siku ya kutajana, kabla hatujaanza, Bi Hadija alinifuata kwenye kaunta. Aliona kadi yake juu ya zile nyingine. Akasema, "Mwalimu, yangu usiisome. Nipe mkononi."

Nilimwambia asione haya, wote hujisikia hivyo. Akasema tena kwamba nisiisome, na akanishika kifundo cha mkono. Nilicheka na kumpapasa bega. Petro alikuwa ameshaanza kuwapanga watu na chai ilikuwa inapoa.

Nikaisoma. Nilisoma kwamba Bi Hadija Ntandu anasikia ugonjwa kwenye sauti ya mtu kabla ya daktari. Nikasubiri makofi. Makofi hayakuja. Watu kumi na mmoja walikuwa wamefunga midomo, na mwanamke mmoja alikuwa ameweka kiganja juu ya mdomo wake kabisa. Nilisikia upepo kwenye rafu. Petro ndiye aliyevunja kimya, kama kawaida yake. Alisimama, akatoa kofia, akasema haya Bi Hadija nisikilize mimi, akaanza kuhesabu moja mpaka kumi kwa mikogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika kumi alimtazama Bi Hadija akisubiri jibu.

Bi Hadija alikuwa anatazama sakafu. Akachukua mkoba wake, akatoka nje.

Petro alicheka, wengine wakacheka kwa kumsaidia, tukamaliza kadi zilizobaki. Wiki ya tano baada ya hapo Petro alianguka shambani na hakuamka. Hospitali walisema moyo wake ulikuwa umevimba kwa muda mrefu.

Msibani nilikaa na wanawake. Hakuna aliyemtaja Bi Hadija, lakini alipoingia kutoa pole kilio kilikatika. Wote tunajua kwamba kilio cha msiba hakikatiki hivyo. Watu walimsubiri aondoke, na alipofika barabarani wakaanza tena pale walipoishia. Nilijiambia ni uchovu.

Kumbe mtaani kwake, huko Unyambwa, jambo lilikuwa limeshakomaa. Nilipata habari kutoka kwa mpunguzwa mwingine, sikuzisadiki, nikaenda mwenyewe siku ya Jumamosi asubuhi. Nyinyi mnajua sisi na shikamoo. Hata mlevi akiwa amelala mtaroni, mzee akipita atajaribu kunyanyua kichwa amwamkie. Nilitembea na Bi Hadija kutoka kwake mpaka mashineni, yeye na debe lake la mtama, na tulikutana na watoto wanne wanatoka kuteka maji. Walipomwona waliweka ndoo chini, wakabana midomo kwa vidole, wakainamisha vichwa mpaka tukapita. Hakuna aliyetoa sauti. Mbele kidogo kijana mkubwa alivua kofia na kuinama vilevile. Kwa adabu zote isipokuwa sauti.

Mashineni kulikuwa na wanawake wengi na mashine inanguruma. Walikuwa wanaongea Kinyaturu kwa kupigiana kelele. Tulipoingia walinyamaza, wakati hata mimi niliyesimama karibu nisingesikia walichokuwa wanasema. Mwenye mashine alimwonyesha Bi Hadija kwa kidole mahali pa kuweka debe. Alipomaliza kusaga akamwonyesha tena kwa kidole mlango. Nilikasirika, nikamfokea yule bwana kwamba hana adabu. Akanitazama kwa huruma, nadhani kwa sababu nilikuwa nimefungua mdomo.

Njiani nilimwambia Bi Hadija kwamba nitalimaliza. Akaniuliza nitalimalizaje. Nikasema nitaongea na mwenyekiti wa mtaa. Alisema usiku mawe yameanza kuangukia bati lake, madogo kwanza. Alilisema kama anavyosema habari za mvua. Hapo ndipo nilipojua kwamba jambo hili linaweza kuisha kwa Bi Hadija kuuawa, na kwamba aliyelianzisha ni mimi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini, na tayari nilikuwa nimeona mengi.

Mwenyekiti aliitisha mkutano siku ya Jumanne, saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa ofisi ya kata. Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara na kazi siku zote ni kuwanyamazisha watu. Huu ulikuwa na watu wasiopungua mia, jua limewaka, na ungeweza kusikia mbuzi wakitafuna nyuma ya ofisi. Bi Hadija alikalishwa kwenye kiti peke yake. Mwenyekiti alisimama, akafungua mdomo, akamtazama Bi Hadija, akaufunga. Akatoa karatasi mfukoni, akamwashiria katibu aisome. Katibu akatikisa kichwa. Karatasi ikapita mkono hadi mkono, kila mmoja anaipokea kwa vidole viwili na kuipitisha, mpaka ikanifikia mimi. Mwenyekiti akaninyooshea kidole, halafu akagusa mdomo wake.

Nikaelewa. Nilikuwa nimesoma mara ya kwanza, basi nisome na mara ya pili. Ilikuwa imeandikwa kwamba mtaa umeamua Hadija Ntandu ahame, na akikataa viongozi hawatawajibika kwa litakalompata.

Sikuisoma. Niliikunja nikaiweka chini. Nikasimama mbele yao nikasema kwamba aliyetangaza habari za sauti ni mimi, kwamba Bi Hadija alinikataza, kwamba Petro alikufa kwa moyo na hospitali wamethibitisha. Nilisema kama kuna mchawi hapa basi ni kozi yangu. Hiyo nilidhani itawachekesha. Hakuna aliyecheka, na sauti yangu ilisikika vibaya pale uwanjani, peke yake.

Ndipo Mama Neema aliposimama. Alikuwa bado amevaa kaniki ya msiba. Alitembea mpaka mbele ya kile kiti, na alikuwa mtu wa kwanza wa mtaa ule kumpa Bi Hadija sauti yake kwa muda wa miezi miwili.

"Mume wangu alikuhesabia mpaka kumi," alisema. "Ulisikia nini?"

Nilimwomba Mungu Bi Hadija aseme hakusikia kitu. Neno moja tu lingetosha. Bi Hadija alimtazama yule mama, macho yake yakajaa maji, akasema, "Pole, mama." Basi. Mama Neema akasubiri. Alipoona hakuna jingine, akatema mate chini na kurudi mahali pake. Bi Hadija akasimama, akasema atahama kabla ya wiki kuisha, na kwamba wasisumbuke na mawe.

Nilimsindikiza stendi. Alikuwa na magunia mawili, sufuria na mkoba wake. Alikuwa anakwenda kwa mjomba wake huko Itigi. Tuliagana kwa mkono, na aibu ilinifunga mdomo kama wale watoto wa maji. Nilirudi ofisini nikaifuta siku ya kutajana. Tangu hapo kadi ya mtu hupewa mwenyewe mkononi, imekunjwa, na wala hamkuwahi kuniuliza sababu ya utaratibu huo. Mliudhani ni wa kisasa.

Miaka minne baadaye nilitumwa Itigi kwa ajili ya wapunguzwa wa reli. Niliulizia, nikaelekezwa kwa wafuga nyuki, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kuingia kwenye kichaka. Mama Neema alikuwa bado hai wakati huo, ndiyo maana sikuwahi kuandika haya. Sasa naye ameshatutoka.

Nilimkuta Bi Hadija ameegemea mti, sikio lake la kushoto liko kwenye mzinga wa gogo, macho amefumba. Mizinga ilikuwa mingi juu ya miti na kichaka chote kilikuwa kinavuma. Mjomba wake alinieleza kwa heshima kubwa kwamba mzinga ukipotewa na malkia huanza kulia tofauti, na hakuna anayewahi kuusikia kabla ya Bi Hadija. Wafugaji wa vijiji vya mbali humwita. Anasikiliza, anasema huu una wiki moja, wanauokoa. Watoto wa pale walimpigia shikamoo kwa makelele na aliwaitikia. Alikuwa amepata kazi inayomfaa, na si kozi yangu iliyompeleka huko.

Nilimwamkia. Aliitikia, akanitengea gogo nikae. Nikamwambia nililokuwa nimelibeba, kwamba nilimharibia maisha yake na kwamba naomba radhi.

Aliniacha nimalize kupumua. "Maisha yangu yapo, unayaona," alisema. "Unadhani aliyeharibiwa ni mimi."

Akaniambia kwamba alimsikia Petro tangu siku ya pili ya kozi. Akaniambia pia alivyokuwa akifanya kule suichibodi, kinyume cha sheria za kazi. Akimsikia mtu ambaye sakafu inatoka, alimsubiri amalize simu yake, mwenzake akate, halafu kabla ya kuchomoa waya alimwambia yeye peke yake, sikioni, aende hospitali kesho asubuhi. Watu watano aliwaambia hivyo. Wanne walikwenda na walipona. Walimdhania ni operata mwenye huruma tu, hawakujua anajua nini.

"Petro nilimpangia baada ya makofi," alisema. "Nimwite pembeni, nimwambie kama dada yake. Angenicheka, halafu angekwenda. Mtu wa vicheko huwa anakwenda, ilimradi hakuna aliyemwona. Ukasoma. Akasimama akajihesabu mbele ya watu. Ningesema pale ingekuwa hukumu, sikusema. Nilimfuata kwake siku tatu. Kila aliponiona alivuka barabara. Yeye ndiye wa kwanza kuninyamazia."

Nilimwuliza kwa nini hakumjibu Mama Neema uwanjani, angalau ajiokoe.

"Ningemjibu angejua mumewe alikuwa na muda wa kutibiwa," alisema. "Nikaona heri anidhanie mchawi. Mchawi unaweza kumchukia ukalala."

Nyuki walikuwa wanavuma na sikuweza kumtazama. Nilishukuru tena kwamba tumekaa ubavu kwa ubavu, halafu nikaona aibu kwa kushukuru. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kulalamika, kwamba kama angenieleza haya yote siku ile, pale kwenye kaunta, nisingesoma.

Bi Hadija alirudisha sikio lake kwenye mzinga.

"Nilikwambia usisome, Mwalimu," alisema. "Hukuniuliza kwa nini."